Mcheza Kwao Atunzwe

Tarehe 23 Novemba, 2024, katika mji wa Kansas City nchini Marekani, binti wa Kizambia, Barbra Banda, alifunga bao pekee lililoipa timu yake ya Orlando Pride ubingwa wa ligi ya wanawake ya nchi hiyo mbele ya Washington Spirit. Mwezi uliofuata, huko Marrakech, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimtangaza kuwa mwanasoka bora wa kike wa bara letu. Pongezi zikamiminika kutoka kila upande.

Nasi tunampongeza kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, shangwe hizo zisitusahaulishe yaliyompata miaka miwili tu kabla yake. Mwezi Julai, 2022, wakati Zambia ilipokuwa ikijiandaa kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake nchini Morocco, nahodha huyo aliondolewa kikosini. Chama cha soka cha nchi yake kilieleza kwamba hakutimiza masharti ya CAF ya uhakiki wa jinsia. CAF nayo ikajibu kwamba si yenyewe iliyomzuia. Wakubwa wakawa wanarushiana mpira, na mchezaji akabaki nje ya uwanja, huku mambo ya ndani ya mwili wake yakijadiliwa vijiweni na magazetini duniani kote.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Mwaka mmoja kabla ya mkasa huo, Banda alikuwa amecheza katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Huko alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, na siku tatu baadaye akafunga mengine matatu dhidi ya China, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya katika mashindano mamoja ya Olimpiki. Mwaka mmoja baada ya mkasa huo, alicheza Kombe la Dunia, na bao lake dhidi ya Costa Rica likawa la 1,000 katika historia ya mashindano hayo ya wanawake. Basi mtu yule yule alikuwa halali mbele ya dunia mwaka 2021, akawa haramu nyumbani kwao Afrika mwaka 2022, kisha akawa halali tena mwaka 2023. Hiyo si sheria. Huo ni mkanganyiko, na gharama yake aliilipa mchezaji peke yake.

Yapo maoni kwamba mashindano ya wanawake hayana budi kulindwa, ili kila anayeingia uwanjani ashindane kwa haki. Hatuyabezi maoni hayo. Lakini haki hailindwi kwa amri ya dakika ya mwisho. Kama yapo masharti, na yatangazwe mapema. Yawe mamoja kwa mashirikisho yote. Uamuzi utolewe kwa maandishi na chombo kinachojulikana. Mchezaji apewe nafasi ya kukata rufaa kabla ya filimbi kupulizwa. Na siri za daktari zibaki kwa daktari. Maisha ya mwanasoka uwanjani ni mafupi mno. Mashindano yaliyompita hayarudishwi na tuzo yoyote.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazambia peke yao. Jirani yetu mwingine, Tabitha Chawinga wa Malawi, aliyekuja kuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu wa 2022/23, ameeleza mwenyewe jinsi alivyovuliwa nguo hadharani akiwa msichana mdogo, kwa sababu tu wapinzani hawakuamini kwamba msichana anaweza kucheza vile. Na katika viwanja vya shule zetu, ni mara ngapi tumesikia sauti ikipazwa kutoka pembeni kuuliza kama huyu mwenye mbio na nguvu ni msichana kweli? Mvulana akiwa na nguvu huitwa shujaa. Msichana akiwa nazo hutiliwa shaka.

Tanzania ina sababu ya kulitafakari jambo hili mapema. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Mwaka 2023 Clara Luvanga alijiunga na Al-Nassr ya Saudi Arabia. Twiga Stars nao walirejea katika fainali za Afrika nchini Morocco mwaka 2025, baada ya miaka 15 tangu waliposhiriki kwa mara ya kwanza. Mabinti wanaopanda ngazi hiyo wanaongezeka, na kesho mmoja wao anaweza kukutwa na kama yale yaliyomkuta Banda. Je, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania limekwisha kujiandaa kumtetea? Wapo mwanasheria na daktari watakaosimama upande wake, au naye ataachwa asome habari zake gazetini?

Klabu ya Orlando ilitoa dola 740,000 kumnunua Banda mwezi Machi, 2024. Wageni waliijua thamani yake na wakailipa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko si kupewa ngao jukwaani siku ya furaha tu. Ni kusimamiwa siku ya dhiki, wakati jina la mtu linapoburutwa na yeye hana wa kumsemea. Viongozi wa soka, hapa kwetu na barani kote, wasingoje binti mwingine aumizwe ndipo waandike kanuni zilizo wazi. Wakati wa kuziandika ni sasa.