Kitabu cha Fundi na Duka la Vipuri
Anunuaye pikipiki Mbeya au Iringa hukabidhiwa kijitabu ambacho aghalabu hukomea kueleza jinsi ya kuwasha injini, kubadili oili na kukaza cheni, ilhali kile kimfaacho fundi, chenye vipimo vya nafasi ya vali na mpangilio wa nyaya, huwa hakimo. Nami naona, bila ya kuwavunjia heshima mafundi wetu hodari, kwamba ni heri kukitafuta hicho cha pili kabla ya kuingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, kusaka vipuri, sharti kiwe cha modeli ile ile hasa, kwani Boxer 100 na Boxer 150 ni ndugu wa jina tu, na pistoni ya moja haifai katika silinda ya nyingine. Hata hicho kina upungufu wake huku nyanda za juu, maana miji hii imekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa hali ya mwambao huweza kuzidisha petroli hata plagi ikawa nyeusi, dawa yake ikiwa ni jeti yenye tundu dogo zaidi, kitu ambacho si kila muuzaji hukijua. Ama breki, ambazo mteremko wa Kitonga huzitahini bila ya huruma, hapo sijadiliani na mtu: ni heri nilipie kifurushi kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, nikitanguliza namba ya chasisi na kipuri kikuukuu chenyewe kiwe sampuli, kuliko kununua kilichomo katika boksi la kupendeza ambalo jina la kiwanda limekosewa herufi moja.