Pole Si Samahani

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo kampuni kubwa za habari hazijayajua bado, au zimeyajua zikaamua kuyachanganya makusudi. La kwanza ni pole, la pili ni samahani. Pole anaweza kuitoa yeyote. Ukijikwaa barabarani, mpita njia asiyekufahamu atakwambia pole na kuendelea na safari zake, kwa sababu si yeye aliyeweka jiwe. Samahani ni ya aliyeweka jiwe. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Akimmwagia mwenzake uji halafu akasema pole, mama atamkata kauli hapohapo: pole ya nini, si wewe uliyemwaga?

Sasa mimi nadai hivi, na anayebisha aandike. Kampuni ya habari ikishutumiwa kwamba imepotosha au imevunja maadili, mara nyingi inatoa pole, kisha inataka tuipokee kama samahani. Na linalonichoma si kwamba hawajui kuomba radhi. Wanajua sana. Ila wanachagua wa kumwomba.

Tuanze na Nairobi. Jumanne tarehe 15 Januari 2019 magaidi wa Al-Shabaab walivamia majengo ya 14 Riverside, penye hoteli ya DusitD2. Watu 21 waliuawa. Mapambano yaliendelea usiku kucha hadi asubuhi ya pili. Huku watu bado wanahangaika kuwatafuta ndugu zao, The New York Times likatoa habari yake ikiwa na picha ya watu waliouawa mgahawani, wameinamia meza walizokuwa wameketi. Anayemjua marehemu kwa shati aliloondoka nalo asubuhi hahitaji kuonyeshwa uso.

Wakenya wakaja juu. Hawakusema habari ni ya uongo. Walidai kitu kimoja: itoeni picha hiyo. Baraza la Habari la Kenya likaandika barua kutaka picha iondolewe na gazeti liombe radhi ndani ya saa 24. Mwandishi wa habari yenyewe akasema si yeye aliyechagua picha. Sawa, huko magazetini mara nyingi anayeandika siye anayechagua picha. Lakini umeona mchezo unavyoanza? Ukimkamata huyu anakuelekeza kwa yule.

Jibu la gazeti lilikuja. Kwa ufupi lilisema: tunaelewa uchungu wa nchi yenu, tunajitahidi kuwa waangalifu katika maneno na picha, na utaratibu wetu ni uleule popote duniani, yaani kupima kati ya heshima na wajibu wa kuonyesha hali halisi. Baadaye wahariri wake wakatoa maelezo marefu zaidi, wakitetea uamuzi wao na kueleza jinsi picha za namna ile zinavyochaguliwa.

Hebu lisome jibu hilo kama mtu wa kalamu. Nani katenda? Hakuna. Uchungu umekuja wenyewe, picha imejichapisha yenyewe, utaratibu umejifuata wenyewe. Kilichobaki ni hisia: tunaelewa. Kha! Mfiwa hakuomba kueleweka, aliomba picha itolewe. Mtu ukimuuliza juu ya tendo lake akakujibu juu ya nia yake, jua kakupiga chenga, na mpira uko wavuni wewe bado unatafuta miguu yake.

Nitawatendea haki, maana kubishana bila haki ni kurusha ngumi gizani. Gazeti hilo liliwahi kuonyesha mauti ya watu huko kwao pia. Tarehe 12 Septemba 2001 lilichapisha picha ya mtu akianguka kutoka majengo ya World Trade Center. Kwa hiyo hawakudanganya waliposema huwa wanaonyesha na ya kwao. Lakini kumbuka kilichofuata. Wasomaji wa Marekani walikasirika, na magazeti mengi yaliyokuwa yametumia picha ile yakaiweka kando. Kelele za wenye mji zilisikika. Swali langu basi halihusu jicho la gazeti, linahusu sikio lake.

Na sikio lipo, tena kubwa. Mwaka 2003 gazeti hilohilo liligundua kwamba mwandishi wake kijana, Jayson Blair, alikuwa anatunga habari na kunakili za wenzake. Alijifanya yuko Texas au West Virginia, kumbe kajichimbia New York. Likafanya nini? Jumapili ya tarehe 11 Mei 2003 lilianika uozo wake lenyewe kuanzia ukurasa wa mbele, kwa maelfu ya maneno. Likasema limekuta kasoro katika habari zisizopungua 36 kati ya 73 alizoandika tangu Oktoba 2002. Likazipitia moja moja: hapa alidanganya hivi, ukweli ni huu. Tarehe 5 Juni, haujapita hata mwezi, mhariri mtendaji Howell Raines na mhariri aliyemfuata kwa cheo, Gerald Boyd, wakaachia ngazi. Na kabla mwaka haujaisha likamweka Daniel Okrent kuwa mhariri wake wa kwanza wa umma, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wasomaji na kulikosoa gazeti ndani ya kurasa za gazeti lenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mkubwa wa chumba cha habari.

Hiyo, jamani, ndiyo samahani. Ina kosa lililotajwa, ina mtu, ina ukurasa wa mbele, ina gharama. Kijana yeyote anayeota kuwa mwandishi aisome kama darasa.

Lakini mwaka 2017 nafasi hiyo ilifutwa. Sababu iliyotolewa na mchapishaji: siku hizi wasomaji na wafuasi mitandaoni kwa umoja wao ndio walinzi wa gazeti, mlinzi mmoja wa kuajiriwa hana kazi tena. Maneno matamu. Haikutimia miaka miwili, walinzi haohao wakapuliza filimbi kutoka Nairobi. Mwenye nyumba akafungua dirisha, akasema anaelewa ugumu wa kazi ya usiku, akafunga dirisha.

Mtu atasema nimelikamia gazeti moja. Haya, tuhamie kwenye televisheni. Julai 2015, Rais Barack Obama alipokuwa anajiandaa kwenda Kenya, CNN ilisema haendi tu katika nchi ya baba yake, anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Ugaidi ulikuwepo, nani anabisha? Westgate, Septemba 2013, walikufa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, wakafa 148. Lakini kusema nchi imeshambuliwa ni habari. Kusema nchi ndiyo kitovu ni hukumu. Aliyevunjiwa nyumba kageuzwa kuwa ndiye mwizi.

Wakenya wakawacharukia mtandaoni kwa maelfu, kwa hasira na kwa mizaha, kama walivyokuwa wameicharukia stesheni hiyohiyo Machi 2012, ilipotangaza mashambulizi ya guruneti kwenye kituo cha mabasi Nairobi kana kwamba nchi nzima inawaka moto. Safari hii CNN ilibadili maneno. Na samahani yenyewe ikasafiri. Agosti 2015 mmoja wa wakurugenzi wake wakubwa, Tony Maddox, alipanda ndege hadi Nairobi akamwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta uso kwa uso. Kabla ya hapo iliripotiwa kwamba Kenya imesitisha matangazo yake ya utalii kwenye stesheni hiyo.

Ziweke kesi hizi tatu mezani. Mnunuzi wa gazeti kule New York alipewa kurasa nzima mwaka 2003. Mwenye Ikulu na mkoba wa matangazo alifuatwa kwa ndege mwaka 2015. Mfiwa wa Riverside aliambiwa anaeleweka. Ni kampuni mbili tofauti, lakini mizani ni moja. Mimi siingii mioyoni mwa watu, naangalia nauli tu: nani alikatiwa tiketi, nani hakukatiwa. Gazeti humjibu yule linayemhesabu kuwa msomaji wake. Wengine wote ni habari tu, na tangu lini habari ikaombwa radhi?

Lakini tusijifanye malaika. Nyani haoni kundule, na sisi hapa Bongo tunazo zetu. Magazeti ya udaku yametuuzia maiti wa ajali ukurasa wa mbele, rangi kamili, tukanunua tukisogeleana vijiweni kuangalia. Mtaani kwetu kuna mama muuza maandazi aliyewahi kuandikwa na gazeti moja, jina na picha, kwamba ni mchawi. Ushahidi? Jirani kasema. Wateja walikimbia wiki hiyohiyo. Mwanawe alipokwenda ofisini kwao akaambiwa aandike barua. Alipoleta barua, mhariri kasafiri. Mhariri aliporudi, barua haionekani. Wiki ya tisa zikatoka sentensi mbili, ukurasa wa kumi na nne, chini ya ratiba ya ligi, kwamba gazeti linasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

Usumbufu! Mtu kaitwa mchawi, katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa neno hilohilo, halafu wao wanaliita usumbufu, kama vile umeme umekatika.

Najua kuna msomaji keshakunja ngumi anasema dawa yao ni kufungiwa. Hapana, mshikaji. Dawa hiyo tumeinywa sana nchi hii na haijamponya aliyechafuliwa. MwanaHalisi lilifungiwa miezi 24 mnamo Septemba 2017. The Citizen likafungiwa siku 7 Februari 2019. Oktoba 2024 kampuni ya Mwananchi ikasitishiwa leseni zake za mtandaoni kwa siku 30. Tuache kwanza kubishana nani alikosa nini. Mimi nauliza: kufungia kulimsafisha nani jina? Gazeti lililofungiwa haliwezi hata kuchapisha masahihisho. Serikali inapata ukimya ilioutaka, msomaji anakosa gazeti, na mwenye matope anabaki nayo.

Ndiyo maana naiheshimu hoja ya wanahabari walioanzisha Baraza la Habari Tanzania mwaka 1995. Chombo cha hiari, ambapo mlalamikaji na mhariri wanakutanishwa wasikilizwe bila kukimbilia mahakamani. Kwa hoja hiyo, mama muuza maandazi angekuwa na meza ya kukaa sawa na mhariri, bila wakili. Ila hiari ina ugonjwa wake mmoja: inamtegemea mtu mwenye haya. Na haya haifundishwi na baraza, inafundishwa na chumba cha habari chenyewe, na wasomaji wanaokataa kuzugwa.

Basi tukatae kuzugwa. Jibu la kweli linalitaja kosa kwa jina lake. Uongo uitwe uongo, si usumbufu. Picha isiyostahili iitwe hivyo, si uamuzi mgumu. Linakaa palepale kosa lilipokaa. Ulinichafua ukurasa wa mbele, usinisafishe ukurasa wa kumi na nne chini ya Simba na Yanga. Linamtaja aliyeamua, maana utaratibu hauna mikono. Na linamfikia aliyeumizwa, awe na Ikulu au awe na beseni la maandazi. Radhi haitoki kwa mwombaji, inatoka kwa mwombwaji. Huwezi kujipa radhi mwenyewe kwa tamko.

Je, gazeti likiona kwamba halikukosea? Liseme hivyo: hatukukosea, picha inabaki, na sababu zetu ni hizi. Hilo nitaliheshimu hata kama sikubaliani nalo, manake mtu anayeshikilia neno lake waziwazi unaweza kubishana naye. Kuna siku ambapo watu wakubwa hukasirika kwa sababu gazeti limesema kweli, na siku hiyo kuomba radhi kutakuwa ndiyo aibu yenyewe. Ninachokataa ni kuja matangani umevaa msiba halafu kutumia nafasi hiyo kujitetea.

Vijana wenzangu, haya si mambo ya New York na Nairobi tu. Wengi wetu tunaosomana kwenye jarida hili kesho tutakaa kwenye madawati ya magazeti, redio na televisheni. Tutapewa jina la mtu na dakika ishirini kabla ya mitambo kuwaka. Udogo wa chombo si kisingizio: jina la mtu likichafuliwa kwenye jarida la nakala mia tano, kwake yeye limechafuka mtaa mzima.

Kwa hiyo naleta pendekezo kwa mhariri wetu, mbele yenu wote ili asije akalikalia. Kuanzia toleo lijalo, ukurasa wa pili, ule wa kwanza kuonekana ukifunua jalada, uwe ukurasa wa masahihisho. Uandikwe nani aliamua, nini kilikosewa, na nani ameombwa radhi na akajibu nini. Pasipokuwa na la kusahihisha, uachwe mweupe, na sisi wasomaji tuukague kama ni mweupe kweli au umepakwa chokaa.

Naomba kutoa hoja.