Ubingwa hauna sababu moja

Kila Mkenya anapovuka utepe wa marathoni akiwa wa kwanza, barazani huzuka mabingwa wa kueleza kwa nini. Madai yao manne hayaishi, na kila moja lina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba kila moja linajidai kuwa ukweli wote.

“Ni damu.” Ni kweli kwamba miguu myembamba, myepesi chini ya goti, humfaa mkimbiaji wa masafa marefu, na Wakalenjin, jamii wanakotoka wakimbiaji wengi wa Kenya, wengi wao wamejaliwa miguu hiyo. Lakini Wakalenjin ni mamilioni, mabingwa wa dunia ni wachache. Eliud Kipchoge aliyekosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya London 2012 alikuwa na damu ileile ya Kipchoge aliyevunja rekodi ya marathoni Berlin mwaka 2018.

“Ni mwinuko.” Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko huongeza chembe nyekundu za damu. Basi mbona La Paz ya Bolivia, iliyo juu zaidi, haitambi? Tusiende mbali: Filbert Bayi wa Karatu, Tanzania, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Hata hivyo, medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow 1980: yake na ya Suleiman Nyambui. Milima ipo palepale. Iten ilipata zaidi ya mlima: tangu 1976, Bruda Colm O’Connell amekuwa akinoa vijana pale, akiwemo David Rudisha, bingwa wa mita 800.

“Walikimbia kwenda shule.” Wamekimbia watoto wa nusu ya Afrika.

“Ni bidii tu.” Hili ndilo linalouzwa sana kwenye semina, na ndilo linaloumiza. Alfajiri, barabara za vumbi za Iten hujaa vijana wanaojituma hasa, na wengi wao hawatavaa namba ya mashindano Ulaya kamwe. Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, hakukosa bidii 2012. Kilichomwokoa ni kuhamia marathoni, akiwa na kocha Patrick Sang, jirani wa kijijini kwao na mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992, pamoja na kambi ya mazoezi ya Kaptagat, ambako hata yeye aliosha vyoo kwa zamu. Vienna 2019 alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, huku makumi ya wakimbiaji wakipokezana kumkinga upepo. Hiyo ni sababu mojawapo ya muda ule kutohesabiwa kuwa rekodi.

Basi kijana akiuliza afanyeje, kumwambia ajitume hakutoshi. Aulizwe: nani anakufundisha, unakimbia na kina nani, na nauli ya mashindano yajayo inatoka wapi?