Kitambi si Cheo, na Kupungua si Kushinda Njaa



Zamani katika magazeti ya vyama vya wafanyakazi bwana mkubwa alichorwa na kitambi, na mfanyakazi alichorwa mbavu nje. Picha hiyo haitoshi tena. Tukiwatazama leo wenzetu wa hapa Gisenyi, walinzi wa malango, madereva wa malori, makarani wa maghala na wale wanaokaa mbele ya mashine zamu nzima, tunaona mikanda inayoongezwa matundu, magoti yanayolalamika kwenye ngazi, na kadi za kituo cha afya zilizoandikwa shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2014 hadi 2015 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Rwanda wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 21 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2019 hadi 2020 ukakuta 26. Uchunguzi huo wa pili ulikuta pia kwamba watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo haya mawili yanakaa katika nchi moja, na mara nyingine katika nyumba moja.

Kwa hiyo tuseme wazi tunaongea na nani. Hatuongei na mama anayepanda vilima vya Pfunda alfajiri na kikapu mgongoni, akachuma chai kwa malipo ya kilo, akarudi nyumbani amekonda kuliko alivyotoka. Huyo tunamwambia ale zaidi, na chama chake kipiganie malipo yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi hatutaki kuandika kama wenye shibe. Wala hatuongei na mjamzito au anayenyonyesha, wala na mtu anayepungua bila kutaka. Huyo wa mwisho aende kupimwa bila kuchelewa, kwa sababu kifua kikuu na kisukari huanza hivyo pia. Tunaongea na yule aliyepimwa, akaambiwa na muuguzi “punguza uzito”, kisha akatoka mlangoni bila kuelezwa apike nini.

Tumewaona wenzetu wa namna hii wakihangaika. Asubuhi hawali. Mchana wanakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili, wakijihesabia kwamba hawajala kitu. Jioni wanafika nyumbani wanatetemeka kwa njaa na kula sahani kama mlima Nyiragongo. Baada ya mwezi mmoja mizani inasema vilevile au imepanda. Wengine hununua vipakiti vya “chai ya kupunguza tumbo” vinavyotembezwa mitaani, ambavyo kazi yake kubwa ni kuharisha. Inashangaza sana mtu anayeishi katikati ya mashamba ya chai ya Rubavu kutoa mshahara wake kununua chai ya ajabu kutoka nchi ya mbali.

Maoni yetu ni kwamba chakula cha Gisenyi hakina kosa. Ziwa Kivu lipo, udongo wa volkeno upo, sokoni kuna maharage, viazi, karoti, vitunguu, kabichi na dodo, ile ambayo ng’ambo ya mpaka huko Goma wanaiita lengalenga na watu wa pwani mchicha. Yanayotunenepesha ni mafuta yasiyopimwa, sukari ya chai, chupa ya jioni, na ule mlo mmoja mkubwa unaoliwa usiku baada ya kushinda bila chakula. Hayo matatu ya kwanza tunaweza kuyarekebisha nyumbani kuanzia kesho. La nne ni la kudai kazini, nasi tutalifikia.

Tuanze na mafuta. Jikoni kwetu mafuta hayapimwi, humiminwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, karibu sawa na kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa. Aliyekula kiazi anajua kwamba amekula, bali aliyekula kijiko cha mafuta ndani ya mchuzi hajui lolote, na tumbo lake halijui pia. Mawese ni hivyohivyo. Yale mekundu yana faida kwa macho kwa ajili ya vitamini A, wala hatuyakatazi, lakini kwa upande wa uzito ni mafuta kama mengine. Kwa sufuria ya watu sita, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Vipimwe kwa kijiko, visikadiriwe kwa jicho, maana jicho la mpishi ni karimu mno.

Hapo ndipo watu hutuambia: basi chakula kitakuwa chakula cha hospitali. Hapana. Watu wengi wanaamini kwamba ladha inakaa kwenye mafuta, kumbe inakaa kwenye kitunguu na katika subira ya anayekipika. Kata vitunguu viwili vyembamba, weka kijiko kimoja cha mafuta na chembe za chumvi, funika, moto uwe mdogo. Chumvi itatoa maji ya kitunguu. Kikianza kushika chini usiongeze mafuta, ongeza kijiko cha maji ya moto na ukwangue kwa mwiko. Fanya hivyo mara tatu au nne mpaka kitunguu kiwe cha rangi ya kahawia na nyumba nzima inukie. Tia kitunguu saumu, tangawizi na seleri, halafu nyanya, uache zivunjike kabisa. Huo ndio msingi wa kila kitu tutakachokitaja hapa chini. Mwenzetu yeyote atakayejaribu mara moja hatarudia kumimina.

Maharage ni mali yetu kubwa, nasi tunayadharau kwa kuwa ni ya kila siku. Yaloweke tangu jioni, umwage maji yake asubuhi, uyachemshe kwa maji mapya. Yataiva upesi na makaa yatabaki, jambo ambalo kwa bei ya makaa si dogo. Yakilainika chota upawa mmoja, uyaponde kwa mwiko, uyarudishe sufuriani. Mchuzi utakuwa mzito kama uliotiwa mafuta mengi. Changanya na ule msingi wa kitunguu, karoti zilizokatwa vidogo, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa ili inukie bila kuwaunguza watoto. Chumvi itiwe mwishoni. Maharage hukaa tumboni muda mrefu. Mtu aliyeyala mchana hatafuti mandazi saa kumi.

Sambaza tunawaonea. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanakesha na taa, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, kuwaleta sokoni asubuhi. Kisha sisi tunawazamisha kwenye karai la mafuta mpaka hawatofautiani na chipsi. Wajaribuni hivi: waoshwe, wakamuliwe ndimu, wanyunyiziwe chumvi kidogo, wakaangwe kwenye kikaango kikavu chenye moto bila mafuta, wakigeuzwa taratibu mpaka wakauke na kunukia. Au watiwe kwenye ule mchuzi wa nyanya dakika chache za mwisho. Wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanaimarisha mifupa ya mlaji, nao wana nguvu ya nyama kwa bei inayofikiwa. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili wazae, basi wakati huo watumike waliokaushwa, waliolowekwa kwanza kupunguza chumvi.

Sombe ni chakula cha heshima, lakini mara nyingi hutiwa mawese na karanga kwa pamoja, na hapo sahani moja huwa nzito kuliko milo miwili. Chagua kimoja. Ladha iliyobaki itoke kwa sambaza wakavu, bilinganya, vitunguu na pilipili. Majani ya muhogo yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko. Hilo tusilifanyie haraka hata kama makaa ni ghali, kwa kuwa yana sumu ambayo hutoka kwa kupikwa. Dodo ni kinyume chake. Ioshwe vizuri, itupwe kwenye kitunguu na nyanya na maji yake mwenyewe, dakika tano imekwisha. Ikipikwa nusu saa inakuwa matope, kisha watoto wanalaumiwa kwamba hawapendi mboga.

Viazi tunasikia vikisingiziwa sana. Kiazi kilichochemshwa na ganda lake, kikapasuliwa moto na kutiwa mchuzi wa maharage, ni chakula kizuri cha mtu anayepungua. Kilekile kikikatwa na kutumbukizwa kwenye karai kinanyonya mafuta na kuwa kitu kingine. Ndizi za kupika nazo zifanywe agatogo: sufuria moja, ndizi, dodo, karoti, nyanya, sambaza wachache au kipande cha nyama, na vile vijiko viwili vya mafuta kwa nyumba nzima. Vipande vile vya viungo vinavyouzwa dukani kila pembe ni chumvi kwa sehemu kubwa. Anayetia viwili na chumvi juu yake asishangae mashine ya shinikizo. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa yote. Yale mafuta ya pilipili ya kudondosha yasiwatie hofu, matone mawili hayamnenepeshi mtu.

Sasa chai na chupa, kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anajua na hataki kusikia. Vikombe vitatu vyenye vijiko vinne vinne vya sukari ni karibu kalori 200 kwa siku. Ondoa kijiko kimoja kila wiki, tia tangawizi, na mwisho wa mwezi ulimi utakuwa umezoea. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ina kalori zinazokaribia 300. Gisenyi ni mji wenye kiwanda cha bia tangu miaka ya 1950 na wenzetu wengi wanapata mkate humo. Hatuupigi vita mkate huo. Tunasema tu kwamba anayekunywa tatu kila jioni asiwalaumu maharage ya mke wake.

Na hapo tuseme neno kwa akina baba. Mara nyingi anayeambiwa apungue ni baba, na anayebebeshwa mzigo wa kubadili mapishi ni mama, ambaye naye ametoka kazini. Kisha baba analalamika kwamba mchuzi hauna mafuta mbele ya wageni. Ndugu zetu, anayekula naye ana mikono. Kukesha juu ya kitunguu hakumwondolei mwanamume hadhi yoyote.

Iko pia hofu ambayo watu huisema kwa sauti ya chini. Mtu akipungua, majirani wanauliza anaumwa nini. Hofu hii ina historia: katika miaka ya 1980 jirani zetu wa Uganda waliuita ukimwi “Slim”, yaani wembamba, na eneo letu zima likajifunza kumwogopa aliyekonda. Ndiyo sababu wengine wanashikilia kitambi kama cheti cha afya. Anayepungua nusu kilo kwa wiki kwa kula maharage na dodo hataonekana mgonjwa. Atakayeonekana mgonjwa ni yule anayeshinda njaa.

Tumesema kushinda njaa, na hapa ndipo jambo linapotoka jikoni na kuingia kazini. Mahali pengi mfanyakazi hupewa muda mfupi wa kula lakini hakuna chakula karibu, au kipo cha melanje tu. Anayelipa melanje anapakua mara moja, kwa hiyo anajenga mnara: wali, chipsi, ndizi, makaroni na viazi, na kijiko cha kabichi pembeni kama pambo. Hatumlaumu, amelipa na anataka thamani ya fedha yake. Tunamshauri aanze na maharage na mboga mpaka nusu ya sahani, kisha achague vyakula viwili vya wanga badala ya vitano. Lakini ushauri huo haumsaidii yule asiye na uwezo wa melanje. Tunajua mahali pa kazi, hatutapataja, ambapo chakula cha zamu kwa miaka mingi kimekuwa chai tamu na mandazi, na hicho huhesabiwa kuwa ni ukarimu wa mwajiri.

Sufuria ya maharage na dodo kwa zamu nzima haigharimu mali ya kumshinda mwajiri, na anayekula vizuri saa sita hafiki kwake usiku akiwa kama simba. Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 inawatambua wawakilishi wa wafanyakazi, basi walipeleke jambo hili mezani kama wanavyopeleka mambo ya glavu na mabuti: jiko au mahali pa kupashia chakula kilichotoka nyumbani, maji safi ya kunywa ili watu wasizime kiu kwa soda, nusu saa ya kula isiyokatwa na kengele, na muuguzi wa kupima uzito na shinikizo la damu walau mara moja kila miezi mitatu. Waanze na zamu ya usiku. Hao ndio wanaokula mandazi saa nane za usiku ili wasisinzie mbele ya mashine, kisha wanafika nyumbani kumekucha, wanakula chakula kilichopoa cha jana na kulala juu yake.