Ndovu Pichani, Mtu Nje ya Picha

Umeenea msemo ambao kila anayeusema huusema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda hoja: bora kamera kuliko bunduki. Utausikia kwa waongoza watalii wa Moshi, utausoma katika vitabu vya wageni, na fikra yake imeingia hata katika tungo za washairi wetu wa mwambao, ambao wengi wao wamemjua ndovu wa Kilimanjaro kwa kalenda ya ukutani tu. Nami nauliza: bora kwa nani? Kwa ndovu, sibishi. Risasi humuua na picha humwacha hai. Lakini kwa binadamu aliyeishi na ndovu huyo ardhi moja, picha haikuwa na huruma kama tunavyodhani, na ushairi unaoiiga picha hiyo unashiriki dhulma bila ya kujua.

Tuitazame kwanza picha yenyewe. Mbele yupo ndovu mwenye pembe ndefu, nyuma ya ndovu kuna vumbi na migunga, na juu ya vyote kimekaa kilele cheupe cha Kibo. Aghalabu hupigwa Amboseli, kaskazini ya mlima, upande wa Kenya. Kisha huuzwa Moshi, upande wa pili, ambako mlima hauonekani hivyo kamwe. Ukisimama Moshi, kati yako na theluji kuna migomba na mibuni, mifereji ya maji waliyoichimba Wachagga kabla ya kuja Mjerumani, makanisa, misikiti, shule na vihamba vilivyobanana. Huo ndio mlima wa watu. Mlima wa kalenda hauna mtu, na kutokuwa na mtu ndiko kunakoitwa uzuri.

Ukoo wa picha hii nao si safi kama unavyosimuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasai akiwa na kamera za vioo na unga wa magnesiamu, akawapiga picha wanyama usiku, wakastaajabu watu wa Ulaya. Kitabu chake kilichapwa Leipzig mwaka 1905, na jina lake latosha kuwa ungamo: Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwako na kwa bunduki. Mtu alikuwa mmoja na kazi mbili. Ili simba aje mbele ya kamera, ng'ombe au punda aliye hai alifungwa kamba awe chambo. Kiswahili chetu hakikudanganyika katika jambo hili: risasi hupigwa, na picha hupigwa.

Na vioo vile, vizito na vyepesi kuvunjika, havikutembea vyenyewe. Vilibebwa na wapagazi waliofyeka njia, wakateka maji na kukesha motoni. Sura ya simba imebaki. Majina ya wengi wa wapagazi hao hayakubaki. Miaka michache kabla ya kitabu hicho, Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wenzake, na kizazi chake kimekuwa kikikidai kichwa chake kutoka Ujerumani. Hiyo ndiyo nchi iliyowafikia wasomaji wa Leipzig kwa sura ya simba na twiga, kana kwamba haikuwa na la kusimulia ila wanyama wake.

Wala sisi wa visiwani tusijitoe. Pembe kubwa kuliko zote zijulikanazo duniani, kila moja yenye uzito wa zaidi ya ratili 200, ni za ndovu aliyeuawa katika miteremko ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Ziliuzwa hapa Unguja, na sasa zimo katika makumbusho ya viumbe London. Uzito wake unajulikana. Mabega yaliyoziteremsha hadi pwani hayajulikani. Kwa hiyo soko letu na kamera ya Mjerumani vilikuwa na tabia moja: vilimtaka mnyama, na mtu vikamtumia kisha vikamsahau.

Watasema hayo ni ya kale. Sivyo. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, ambayo mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar. Sisemi filamu ndiyo iliyowahamisha. Nasema iliufundisha ulimwengu kukuona kuondoka kwao kuwa jambo la haki na la kawaida, kwani Grzimek aliamini kuwa hifadhi isikaliwe na watu, hata wakiwa wenyeji. Jicho lililozoea nyika tupu humwona mfugaji kuwa doa, na doa hufutwa.

Na kwa Moshi ushahidi uko karibu zaidi. Mkomazi, chini ya milima ya Upare, ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji wakaruhusiwa kubaki na mifugo yao. Mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa. Baadhi yao wakaja Moshi na kufungua kesi Mahakama Kuu. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Leo mgeni hupita humo na kamera yake, akarudi kwao akisema ameona pori lisiloguswa. Liliguswa, na habari za kuguswa kwake zimo katika majalada ya mahakama ya Moshi. Tena mwaka 2022 ulianza uhamishaji wa wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, serikali ikisema ni hiari na wengi wa wakazi wakikana.

Yupo atakayenijibu kwa hoja nzito, nami siikimbii. Atasema bila ya picha dunia isingewahurumia wanyama hawa, na idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kwa ujangili. Ni kweli, na ni msiba. Lakini hebu tuulize ni nani anayemweka ndovu hai kila siku. Ndovu wa Amboseli hawajui mpaka. Huvuka hadi Enduimet, magharibi ya Kilimanjaro, wakapita katika ardhi za vijiji, kwenye malisho na karibu na mashamba. Wanapita kwa sababu wako watu wanaowaachia njia, wanaokosa usingizi msimu wa mavuno, na ambao mara nyingine huzika jamaa waliokanyagwa. Mvumilivu huyo ndiye mhifadhi wa kwanza, naye ndiye anayekatwa pembeni ili picha ipendeze. Anayetaka ndovu aishi amwonyeshe anayemwacha aishi.

Sasa nawageukia washairi, maana ukurasa huu ni wao. Nani alitufundisha kuliimba pori kuwa bustani tupu? Si wazee wetu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa akikimbilia mwituni hafiki penye utupu. Anawakuta Wasanye na Wadahalo, anakula nao makoma, na njama za kumuua zinasukwa humo humo. Mwitu wa wazee wetu ulikuwa na watu, tena wenye majina, njaa, tamaa na ubaya wao. Utupu huu wa leo si urithi wetu. Tumeutoa katika kalenda, tukautia vina na mizani, tukauita mapenzi ya nchi.

Sitaki kamera zivunjwe, wala simkatazi mtu kumsifu ndovu. Mnyama yule anastahili sifa. Ninalotaka ni dogo na lawezekana. Mpiga picha anayetembea Kilimanjaro na aandike chini ya picha yake jina la kijiji alimosimama na la aliyemwonyesha njia, kama aandikavyo lake. Anayechapa kalenda Moshi na atenge walau mwezi mmoja kwa kihamba, mfereji na boma la mfugaji. Na mshairi wa mwambao, kabla ya kuandika neno pori, na aulize ni pori la nani, na nani aliondolewa humo, mwaka gani. Akipata jawabu ataona kuwa shairi lake limekuwa gumu zaidi kutunga. Na liwe gumu. Ushairi wetu umepata kubeba mazito kuliko hayo bila ya kupoteza urari wake.