Viza ya Ndoa: Penzi Lisiloaminiwa Mpaka Litafsiriwe

Wahenga walinena kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii imefafanuliwa mara nyingi katika kumbi za mihadhara, na aghalabu ufafanuzi wake huishia kwenye haya ya mpenzi anayejaribu kuyaficha yaliyo moyoni mwake. Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo methali hii hupinduliwa: dawati la afisa anayepitia maombi ya viza ya ndoa. Mbele ya dawati hilo mapenzi huchukuliwa kuwa hayapo mpaka yathibitishwe, na uthibitisho wenyewe sharti uwe wa karatasi, uwe na tarehe na usomeke kwa Kiingereza.

Makala haya yanaiangazia viza ya ndoa ya Uingereza, nchi ambayo historia imeifungamanisha na familia nyingi za Kenya. Sheria ya nchi hiyo huipima ndoa kwa vipimo viwili vikuu, pochi na lugha. Kipimo cha kwanza kimejadiliwa sana mahakamani na magazetini. Hiki cha pili kimeachwa kana kwamba ni jambo dogo la ofisini, ilhali ndicho kinachowahusu moja kwa moja wanaosoma na kufundisha Kiswahili.

Chukulia mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Kwale aliyemwoa binti wa jirani. Binti huyo alihamia Leicester miaka mingi iliyopita, akapata uraia wa Uingereza, na sasa anafanya kazi katika makao ya kutunzia wazee. Wawili hawa ni wa kubuni, lakini masharti wanayokumbana nayo si ya kubuni.

La kwanza ni fedha. Kuanzia Julai 2012 mkazi wa Uingereza aliyetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje alitakiwa awe na pato lisilopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Mnamo Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa kwa waombaji wapya hadi pauni 29,000, yaani takriban shilingi milioni 5 za Kenya. Mwaka huo huo kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini Uingereza kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Anayelipwa kiasi hicho kwa saa 37 na nusu kila wiki, bila kukosa hata wiki moja, hupata pauni 22,308 kwa mwaka. Ina maana kwamba mtu anaweza kufanya kazi halali kutwa, kulipa kodi, kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa Waingereza, na bado sheria ikamhukumu kuwa hana uwezo wa kuishi na mumewe. Mshahara wa mwalimu wa Kwale hauhesabiwi, kwa sababu mapato ya mwombaji aliye nje ya Uingereza hayaingizwi katika hesabu hiyo. Akiba huweza kukubaliwa, lakini akiba pekee ikitegemewa, pauni 88,500 sharti ziwe zimekaa katika akaunti kwa miezi 6. Hapo haijatajwa ada ya maombi, wala ada ya huduma za afya ambayo Februari 2024 ilipandishwa hadi pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ililipima suala hili Februari 2017. Iliamua kwamba kuweka kiwango cha chini cha pato si kinyume cha sheria, ingawa iliikosoa serikali kwa kutozingatia ipasavyo maslahi ya watoto na kwa kupuuza njia nyingine ambazo familia ingeweza kujikimu kwazo. Kipimo cha pochi kikabaki.

Kenya nayo haiwezi kujitoa katika lawama hii. Mstaafu wa Kitaliano anayetaka kumalizia siku zake Malindi huomba kibali cha daraja la K, na nguzo ya kibali hicho ni pato la hakika la kila mwaka. Kila nchi humfungulia mlango upesi zaidi yule anayebisha kwa pesa. Isitoshe, kabla ya Katiba ya 2010, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kusajiliwa kuwa raia, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Ni Kifungu cha 15 cha Katiba hiyo kilichoondoa ubaguzi huo kwa kumpa mume au mke wa raia haki ya kuomba kusajiliwa baada ya miaka 7 ya ndoa.

Shaka kuhusu ndoa yenyewe si mpya, wala si ya Waingereza peke yao. Ndoa za kununua viza zipo, na hakuna serikali inayoweza kulaumiwa kwa kuzichunguza. Sheria ya Kenya ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 nayo hudai kwamba ndoa ya anayeomba uraia isiwe imefungwa kwa ajili ya kujipatia hadhi ya uhamiaji. Tatizo huzuka pale shaka inapokuwa kanuni. Uingereza iliwahi kuwa na sharti lililowataka waume kutoka nje wathibitishe kwamba shabaha kuu ya ndoa yao haikuwa kuingia nchini humo. Mtu huthibitishaje kitu ambacho hakukikusudia? Mnamo 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uingereza iliwabagua wanawake kwa kufanya iwe vigumu zaidi kwao kuwaleta waume kuliko ilivyokuwa kwa wanaume kuwaleta wake. Serikali iliutii uamuzi huo kwa namna ya ajabu: badala ya kuwapunguzia waume mzigo, iliwatwika wake mzigo ule ule. Usawa ukapatikana kwa kuwanyima wote. Sharti hilo lilifutwa 1997, lakini roho yake haijatoka katika majengo hayo, kwa kuwa hadi leo wanandoa hutakiwa kuonyesha kwamba uhusiano wao ni wa kweli na kwamba wanakusudia kuishi pamoja daima.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na inaingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni mtihani. Tangu Novemba 2010 mwenzi anayeomba kuingia Uingereza hutakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kuzungumza na kusikiliza Kiingereza katika kiwango cha chini kabisa, kinachoitwa A1. Wanaosamehewa ni pamoja na raia wa nchi ambazo Uingereza inazitambua kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Jamaika imo katika orodha hiyo, Kenya haimo. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza huweza kuitumia badala ya mtihani, lakini mwalimu wa Kwale ana cheti cha ualimu, si shahada. Basi mtu anayesahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi wake kila wiki hulazimika kulipa ada, kusafiri hadi kituo kilichoidhinishwa, na kumweleza mtahini jina lake na chakula akipendacho. Kichekesho hiki hakihitaji mwandishi wa tamthilia.

Hata hivyo, haifai kulipinga sharti la lugha kwa jumla. Kenya yenyewe humtaka mgeni anayeomba uraia kwa sababu ya kukaa nchini kihalali awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji, na wapenzi wa Kiswahili hawajawahi kulilalamikia hilo. Anayekwenda kuishi na watu ni vyema ajue lugha yao. Kinachosumbua ni kwamba mtihani hutangulia safari, na hivyo mke au mume huzuiwa nje ya nyumba mpaka ajifunze kile ambacho angejifunza upesi zaidi akiwa ndani.

Mlango wa pili ni tafsiri, na ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa sababu hauonekani. Hati yoyote isiyoandikwa kwa Kiingereza au Kiwelisi sharti iambatanishwe na tafsiri kamili, pamoja na kauli ya mfasiri kwamba tafsiri hiyo ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na anwani ya kumfikia. Kwa cheti cha ndoa cha kadhi hilo si gumu. Lakini wanandoa walioishi mbali mbali kwa miaka 3 huthibitisha uhusiano wao kwa barua na jumbe za simu, na jumbe hizo ni Kiswahili cha nyumbani, si Kiswahili cha fomu.

Tazama ujumbe ambao mke aliye Leicester angeweza kumwandikia mumewe kila asubuhi: "Umeamkaje Baba Rehema? Nimetuma za mama. Mungu akijalia tutaonana mwezi wa 12." Msomaji yeyote wa Kiswahili anaona ndoa nzima ndani ya sentensi hizo tatu. Mke anaanza na hali ya mumewe kabla ya jambo lolote. Anamtunza mama mkwe, na humwita mama bila kuongeza neno "mkwe" kwa sababu kuliongeza kungekuwa kumbagua. Pesa hazitajwi kabisa. Zimebebwa na kiunganifu "za" peke yake, kwa staha ya mtu asiyetaka msaada wake uonekane kuwa deni.

Mfasiri wa kibanda cha kutolea nakala, anayelipwa kwa ukurasa, humwandikia afisa mambo mengine kabisa. Afisa anasoma kwamba mume ni baba wa mtoto aitwaye Rehema, ilhali fomu inasema wanandoa hawana mtoto. Hajui kwamba Rehema ni binti wa kaka yake mwalimu, aliyelelewa nyumbani humo, na kwamba kumwita mume kwa jina la mtoto ni heshima. Anasoma kwamba vitu fulani visivyotajwa vimetumwa kwa mama fulani asiyetajwa. Anasoma kwamba kuonana kwao kunategemea ridhaa ya Mungu, na kwa mazoea ya lugha yake hilo linafanana na mtu asiye na hakika kama atakwenda. Neno "nakupenda" halimo mahali popote. Kwa mwenye lugha, kutokuwamo kwake ni dalili ya ndoa iliyokomaa. Kwa afisa, ni pengo.

Mahari nayo hupata balaa. Neno hili likitafsiriwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya bei ya bibi arusi, nikahi iliyofungwa kwa hiari hugeuka kuwa mauziano. Picha hazisaidii sana. Katika nikahi nyingi za pwani bibi arusi huwa hayupo msikitini. Walii wake ndiye anayemwozesha, na picha ya tukio humwonyesha bwana arusi akishikana mkono na baba mkwe, wamezungukwa na wanaume waliovaa kanzu. Anayetafuta picha ya wawili waliosimama pamoja mbele ya mfungisha ndoa hataiona, na asipoelezwa sababu atajitafutia sababu yake mwenyewe.

Huenda mtu akasema kwamba afisa huanzia kwenye taarifa za benki, na kwamba barua hizi hazimshughulishi. Ni kweli kwamba maombi mengi huanguka kwenye pesa. Lakini pesa zikitosha, kinachobaki kuchunguzwa ni ukweli wa uhusiano, na mwombaji aliyenyimwa viza akikata rufaa kwa msingi wa haki ya maisha ya familia, jaji husoma tafsiri zile zile. Kosa la mfasiri hufuatana na faili mpaka mwisho.

Vyuo vikuu vya Kenya vina kozi za tafsiri. Wanafunzi hufundishwa ulinganifu, upotevu wa maana na dhima ya muktadha, kisha hupewa dondoo za riwaya na hotuba za viongozi wazifanyie mazoezi. Barua ya mke kwa mumewe haimo katika mazoezi hayo, kana kwamba si matini. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo huandaa makongamano kuhusu utandawazi wa lugha, na utandawazi wenyewe umesimama kwenye foleni ya kibanda cha nakala ukiwa na bahasha mkononi. Hakuna kanuni inayomkataza mwombaji kuambatanisha barua ya maelezo pamoja na hati zake. Chama kingeweza kuandaa orodha fupi ya majina ya ukoo, maneno ya staha na desturi za arusi, kila moja ikiwa na maelezo kwa Kiingereza safi ambayo mfasiri yeyote angeweza kuyatumia. Kazi hiyo ingemalizika katika muhula mmoja.

Mwalimu wa somo la tafsiri naye hahitaji kungoja orodha hiyo. Zoezi la kwanza linaweza kuwa zile sentensi tatu za asubuhi kutoka Leicester, zitafsiriwe kwa Kiingereza, na mwanafunzi aeleze pembeni kilichotumwa ni nini, Rehema ni nani, na mama huyo ni mama wa nani.