Wakazi wa Chini ya Daraja
Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, tuliisifu kwa upana na kasi. Chini ya madaraja yake tulichungulia wachache. Sisi wa Ruiru na Thika, tunaovuka mito kila siku, tungefaa kuchungulia. Mwanya mwembamba unaoachwa kati ya zege na zege, ili daraja lipate nafasi ya kutanuka juani, ndio makao anayoyapenda popo mla wadudu: pana giza, pana joto, na paka hafiki. Mjini Austin, Marekani, daraja la Congress Avenue lilijengwa upya mwaka wa 1980, popo wakahamia humo kwa wingi. Watu waliogopa, wengine wakataka waangamizwe. Mtafiti Merlin Tuttle akahamia mji huo na kueleza, kwa subira, popo hao ni nani na wanakula nini. Leo wapatao milioni 1.5 huruka kutoka hapo jioni za kiangazi, umati ukiwatazama. Kwetu popo bado hupigwa mawe kwa kudhaniwa kitu cha wachawi, ilhali amekesha akila nondo na wadudu wanaoshambulia mimea yetu. Nawasihi wahandisi wa barabara: kabla ya kuziba nyufa za daraja, angalieni kama wamo wanaonyonyesha, kwani popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Nawe msomaji, ukiwa kando ya mto Chania wakati wa magharibi, tazama juu. Usimshike popo kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo.